Usikivu wa Toni za Kikantoni kwa Watoto Viziwi Wanaotumia Vipandikizi vya Koklea

1.0 Utangulizi

Kipandikizi cha koklea ni kifaa cha kielektroniki kinachompa mtu mwenye uziwi mkubwa hisia ya sauti kwa kuichochea neva ya kusikia kwa umeme. Kifaa chenye elektrodi nyingi kilichobuniwa na timu ya Graeme Clark kilipandikizwa Melbourne, Australia, mwaka 1978. Mwaka 1990 mamlaka inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa watoto wenye umri wa miaka miwili na zaidi. Tangu wakati huo, maelfu ya watoto waliozaliwa viziwi wamejifunza kuzungumza kwa kukitegemea.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi wa mafanikio hayo ulitokana na lugha kama Kiingereza, ambamo kidatu hakitofautishi maana ya neno moja na jingine. Mzungumzaji wa Kiingereza akipandisha au kushusha sauti hubadilisha kiimbo cha sentensi. Neno hubaki lilelile. Katika lugha za toni hali ni tofauti. Silabi moja ikitamkwa kwa vidatu mbalimbali hutoa maneno mbalimbali. Kwa hiyo, mtoto anayesikia konsonanti na irabu bila kusikia kidatu anakuwa amesikia sehemu tu ya neno.

Makala haya yanafafanua namna watoto viziwi wanaotumia vipandikizi wanavyozipokea toni za Kikantoni, lugha ya Kichina inayozungumzwa Hong Kong, Macau, jimbo la Guangdong na miongoni mwa jamii zilizohamia nchi nyingine. Kwanza yanaeleza mfumo wa toni wa lugha hiyo, kisha utendaji wa kipandikizi na sababu za kupotea kwa kidatu, na baada ya hapo matokeo ya utafiti. Sehemu ya mwisho inadokeza umuhimu wa suala hili kwa lugha za Kibantu.

2.0 Mfumo wa Toni wa Kikantoni

Kikantoni kina toni sita bainifu. Wanaisimu huziwakilisha kwa mizani ya ngazi tano iliyopendekezwa na Yuen Ren Chao mwaka 1930, ambapo 1 ni kidatu cha chini kabisa na 5 ni cha juu kabisa. Tarakimu ya kwanza huonesha kidatu toni inapoanzia na ya pili kidatu inapoishia. Silabi ji inatosha kuonesha mfumo mzima:

ji1, toni juu bapa (55): ‘nguo’
ji2, toni panda ya juu (25): ‘kiti’
ji3, toni kati bapa (33): ‘nia, maana’
ji4, toni shuka ya chini (21): ‘mtoto, mwana’
ji5, toni panda ya chini (23): ‘sikio’
ji6, toni chini bapa (22): ‘mbili’

Baadhi ya mofimu hizi hutumika zaidi ndani ya maneno ambatani, lakini kila moja ina toni yake na maana yake. Mapokeo ya Kichina huhesabu toni tisa kwa kuongeza tatu za silabi zinazoishia kwa p, t au k. Toni hizo tatu zina vidatu sawa na vya toni ya 1, ya 3 na ya 6, isipokuwa ni fupi zaidi. Ndiyo maana uchambuzi wa kifonolojia huzihesabu ndani ya zile sita.

Mambo mawili katika orodha hiyo yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba toni tatu, yaani ya 1, ya 3 na ya 6, ni bapa. Hazipandi wala hazishuki kwa kiasi cha kutambulisha, na tofauti yake ni kimo cha kidatu tu. Tena vimo hivyo havikupangwa kwa nafasi sawa: pengo kati ya toni ya juu na ya kati ni pana, lakini pengo kati ya toni ya kati na ya chini ni dogo. La pili ni kwamba toni mbili, ya 2 na ya 5, zote hupanda kutoka karibu mahali pamoja na huachana kuelekea mwisho wa silabi. Kwa maneno mengine, kinachotenganisha ‘kiti’ na ‘sikio’ ni umbali ambao sauti imepanda.

Kikantoni hutofautiana hapa na Kimandarini, ambacho kina toni nne zenye maumbo yanayotofautiana waziwazi: moja ni bapa, moja hupanda, moja hushuka kisha hupanda, na moja hushuka. Toni ya tatu ya Kimandarini ikitamkwa pekee huwa ndefu kuliko nyingine, na nguvu ya sauti katika toni zake huelekea kupanda na kushuka sambamba na kidatu. Msikilizaji asiyepata kidatu vizuri anaweza kujisaidia kwa urefu na nguvu hizo. Katika toni bapa za Kikantoni msaada huo ni hafifu mno. Kwa sababu hiyo, Kikantoni ni kipimo kigumu zaidi cha uwezo wa kipandikizi.

3.0 Utendaji wa Kipandikizi cha Koklea

Koklea ni kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono. Ndani yake mna utando unaotetema kulingana na masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Masafa ya juu hutetemesha utando karibu na mlango wa koklea, na masafa ya chini huutetemesha karibu na kilele chake. Seli za ndani zenye vinyweleo, zipatazo 3,500 katika kila sikio, hugeuza mtetemo huo kuwa ishara za neva zinazopelekwa kwenye ubongo na nyuzi za neva zipatazo 30,000. Uziwi wa kuzaliwa nao mara nyingi hutokana na hitilafu za seli hizo, ilhali neva yenyewe huwa hai kwa kiasi fulani.

Kipandikizi huiruka hatua iliyoharibika. Kipazasauti kilicho nyuma ya sikio hupokea sauti, na kichakataji huigawa katika mikondo kadhaa ya masafa. Kifaa hupima jinsi nguvu ya sauti inavyopanda na kushuka katika kila mkondo, kisha hutuma mipigo ya umeme kwenye elektrodi zilizopangwa ndani ya koklea. Mfumo wa Nucleus 24, uliotumiwa na watoto wengi waliochunguzwa katika tafiti za mwanzo za Kikantoni, una elektrodi 22 ndani ya koklea. Mikondo ya masafa ya juu hupelekwa kwenye elektrodi zilizo karibu na mlango, na ya masafa ya chini kwenye elektrodi zilizoingia ndani zaidi.

Utaratibu huu unatosha kwa mambo mengi ya lugha. Mwaka 1995, Robert Shannon na wenzake waliwasikilizisha watu wenye usikivu wa kawaida sauti zilizoondolewa maelezo mengi ya masafa na kubakizwa mpando na mshuko wa nguvu katika mikondo michache. Mikondo minne tu ilitosha kuwawezesha kuelewa sentensi sahili za Kiingereza kwa kiwango cha juu sana. Matokeo hayo yalieleza kwa nini kifaa chenye elektrodi chache kinaweza kufanikiwa. Hata hivyo, yalithibitisha kwamba konsonanti, irabu na maneno yanaweza kutambulika bila kidatu kamili katika lugha isiyohitaji kidatu kutambulisha neno. Hayakusema lolote kuhusu lugha inayokihitaji.

4.0 Sababu za Kupotea kwa Kidatu

Kidatu cha sauti ya binadamu hutokana na kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti, inayoitwa masafa ya msingi. Kwa kukadiria, mwanamume mzima huzungumza kwa takribani hezi 120, mwanamke kwa takribani hezi 200 hadi 220, na mtoto mdogo kwa karibu hezi 300. Sikio zima hukipata kidatu kwa njia mbili zinazosaidiana: mahali panapotetema kwenye koklea, na mwendo wa wakati wa ishara za neva.

Katika njia ya mahali, sauti ya hezi 200 huambatana na mawimbi zidishi ya hezi 400, 600, 800 na kuendelea. Sauti ikipanda hadi hezi 220, mawimbi hayo nayo husogea hadi 440, 660 na 880. Sikio zima huyatenganisha mawimbi zidishi ya mwanzo, na kwa hiyo hutambua kusogea huko kwa urahisi. Katika kipandikizi, mkondo mmoja wa masafa ya chini unaweza kuwa na upana wa zaidi ya hezi 100. Hezi 200 na hezi 220 huangukia katika mkondo uleule na kuchochea elektrodi ileile. Zaidi ya hayo, umeme husambaa katika majimaji ya koklea, hivyo elektrodi jirani huchochea nyuzi za neva zilezile. Ndiyo maana watumiaji wengi hunufaika na mikondo huru ipatayo minane tu, hata kama elektrodi ni 22. Aidha, safu ya elektrodi kwa kawaida haifiki kwenye kilele cha koklea, mahali pa masafa ya chini.

Njia ya wakati nayo ina mipaka yake. Nguvu ya sauti katika kila mkondo hupanda na kushuka kwa kufuata mtetemo wa nyuzi za sauti, na mtumiaji wa kipandikizi anaweza kuhisi kasi hiyo. Lakini mbinu za uchakataji za zamani zilituma mipigo takribani 250 kwa sekunde katika kila mkondo, idadi isiyotosha kuchora mtetemo wa mara 200 kwa sekunde. Mbinu za baadaye ziliongeza idadi hiyo hadi mipigo mia kadhaa na zaidi. Pamoja na hayo, kikwazo kingine kimo katika mfumo wa kusikia wenyewe: kasi ya mpigo inapozidi takribani 300 kwa sekunde, watumiaji wengi hawahisi tena kwamba kidatu kinapanda.

Kipengele hiki kina uzito wa pekee kwa mtoto. Sauti zinazomzunguka zaidi ni za mama, dada, mwalimu wa chekechea na watoto wenzake. Hizo ndizo sauti ambazo masafa yake ya msingi hukaribia au kufikia ukomo huo. Kinadharia, toni za baba mwenye sauti nzito zina nafasi kubwa zaidi ya kupita katika kifaa kuliko toni za mama, ingawa mara nyingi mama ndiye anayemfundisha mtoto maneno ya kwanza.

5.0 Matokeo ya Utafiti

Mwaka 2002, Valter Ciocca na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto 17 wazungumzaji wa Kikantoni waliopata uziwi mapema. Watoto hao walikuwa na umri wa kuanzia miaka minne na nusu hadi karibu miaka tisa, na walikuwa wametumia vipandikizi kwa miezi 11 hadi 41. Kila mtoto alisikia silabi ji katikati ya sentensi, kisha akachagua picha moja kati ya mbili. Kwa kuwa chaguo ni mbili, mtoto anayebahatisha hupata nusu ya majibu. Katika jozi nane za toni zilizopimwa, kundi hilo lilizidi kiwango cha kubahatisha katika jozi tatu tu.

Utafiti huo ulikuwa na ulinganisho wenye mafunzo makubwa. Mtoto mmoja wa miaka sita na nusu, mwenye upungufu wa kusikia wa wastani na asiyekuwa na kipandikizi, alipewa jaribio lilelile na akafanya vizuri zaidi kwa mbali. Mtoto huyo naye hakuwa na usikivu kamili. Tofauti ni kwamba koklea yake bado ilifanya kazi kwa sehemu. Ulinganisho huu unaelekeza chanzo cha ugumu kwenye aina ya ishara inayomfikia mtoto, na kudhoofisha maelezo yanayouhusisha na akili yake au bidii yake.

Tafiti nyingine za kipindi hicho zilileta picha yenye matumaini zaidi. Johanna Barry na wenzake, pia mwaka 2002, waliwapima watoto kwa kuwasikilizisha mfululizo wa silabi na kuangalia kama wangetambua toni inapobadilika. Watoto wengi waliweza kutambua mabadiliko, hasa toni ya juu ilipohusika, na walipata shida zaidi toni zote mbili zilipokuwa katika ukanda wa chini.

Tofauti kati ya tafiti hizi inaeleweka kwa kuzingatia kazi alizopewa mtoto. Kubaini kwamba sauti mbili hazifanani ni jambo moja. Kujua kwamba sauti moja ni ‘sikio’ na nyingine ni ‘kiti’ ni jambo jingine. Kazi ya kwanza huhitaji masikio na kumbukumbu ya muda mfupi. Ya pili huhitaji mtoto awe ameihifadhi kila toni kama sehemu ya neno. Mtoto anaweza kuisikia tofauti bila kuipa kazi yoyote katika lugha, hasa ikiwa tofauti hiyo humfikia kwa kusitasita: leo yasikika, kesho haisikiki, kutegemea nani anazungumza na kelele zilizopo.

Tahadhari inahitajika katika kuyafasiri makosa. Hata watoto wenye usikivu wa kawaida huendelea kuimarisha utambuzi wa toni zilizokaribiana kwa miaka kadhaa baada ya kuanza kuzungumza. Vilevile, baadhi ya watu wazima wa Hong Kong siku hizi huchanganya toni ya 2 na ya 5, au ya 3 na ya 6, katika usikivu au utamkaji. Mtoto mwenye kipandikizi akikosea jozi hizo, kosa lisihesabiwe lote kuwa la kifaa. Kinyume chake, mtoto asiyeweza kutenganisha ‘nguo’ na ‘mbili’, jozi yenye pengo pana, anahitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Katika utamkaji, athari huonekana pia. Uchambuzi wa kiakustika huonesha kwamba toni za watoto wengi wenye vipandikizi hubanana katika eneo dogo la kidatu na kuingiliana. Matokeo haya yanatarajiwa, kwa sababu mtoto hujirekebisha kwa kujisikiliza, na kidatu ambacho kifaa hakikumletea kutoka kwa wengine hakimletei kutoka kwake mwenyewe pia.

6.0 Muktadha, Umri na Misaada Mingine

Hoja hutolewa kwamba muktadha hufidia upungufu wa toni. Hoja hiyo ina ukweli. Maneno husikika mara chache sana yakiwa peke yake, na sentensi humpa msikilizaji kipimo cha kidatu cha mzungumzaji, ambacho ni muhimu sana katika kutambua toni bapa. Hata hivyo, muktadha humsaidia zaidi yule anayeijua lugha tayari. Mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani hujaza pengo kwa kumbukumbu ya maneno aliyoyasikia kwa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana hazina hiyo. Anatakiwa kuijenga kwa kutumia ishara ileile yenye mapengo. Katika lugha yenye maneno mengi yanayotofautishwa na toni pekee, mzigo huo si mdogo.

Umri wa kupandikizwa una nafasi kubwa. Anu Sharma na wenzake (2002) walipima mwitikio wa gamba la ubongo kwa sauti na kuonesha kwamba watoto waliopata kipandikizi kabla ya miaka mitatu na nusu kwa kawaida hufikia mwitikio unaolingana na umri wao, ilhali wengi waliokipata baada ya miaka saba hawafikii. Kuwahi hakuongezi maelezo ya kidatu ambayo kifaa hakiyatoi, lakini kunauwezesha ubongo kuyatumia kikamilifu machache yaliyopo.

Njia nyingine ni kutumia shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, katika sikio lisilopandikizwa. Mtoto mwenye mabaki ya usikivu wa masafa ya chini hupata humo masafa ya msingi ambayo kipandikizi hukipata kwa shida. Faida hutofautiana kulingana na mabaki hayo, lakini sababu ya kuyapima na kuyalinda ni dhahiri. Lugha ya Alama ya Hong Kong nayo humpa mtoto njia kamili ya kujenga msamiati na dhana huku usikivu wake ukikua, kwani ishara za mikono na uso hazipotezi chochote ndani ya koklea.

Katika tathmini, kosa la kuepukwa ni kutafsiri majaribio ya Kiingereza na kuyatumia kwa Kikantoni. Jaribio linalopima konsonanti na irabu peke yake linaweza kumpa mtoto alama za juu, mzazi akaambiwa kwamba mtoto anasikia vizuri, kisha mtoto huyo akaonekana darasani kuwa hasikilizi au hana bidii. Jaribio lenye jozi za mlinganuo finyu za toni huondoa lawama hiyo kwa mtoto na kumwonesha mtaalamu mahali pa kuanzia mafunzo: toni ya juu dhidi ya nyingine, kisha toni panda dhidi ya bapa, na mwishoni jozi za ukanda wa chini.

7.0 Umuhimu kwa Lugha za Kibantu

Kiswahili sanifu hakina toni bainifu, na kwa sababu hiyo matokeo ya Kikantoni yanaweza kuonekana kuwa mbali. Lakini Kiswahili kimezungukwa na lugha za Kibantu ambazo nyingi ni za toni. Katika Kilingala, moto yenye toni chini katika silabi zote ni ‘mtu’, na motó yenye toni juu mwishoni ni ‘kichwa’. Katika lugha nyingi za kundi hili toni hubeba pia kazi za kisarufi, kama vile kutofautisha nyakati za kitenzi.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma ya vipandikizi vya koklea mwaka 2017. Mtoto anayepandikizwa katika Afrika Mashariki na Kati anaweza kuwa anasikia Kiswahili shuleni na lugha ya toni nyumbani. Lugha nyingi za Kibantu zina ngazi mbili tu za toni, juu na chini. Kwa hiyo ugumu wake unatarajiwa kuwa mdogo kuliko wa Kikantoni chenye toni tatu bapa. Hata hivyo, tofauti inayotegemea kimo cha kidatu peke yake ndiyo hasa ambayo kifaa huipitisha kwa shida. Uchunguzi unaofanywa kwa Kiswahili pekee hauwezi kuonesha kama mtoto huyo anaisikia lugha ya bibi yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kipandikizi cha koklea humpa mtoto kiziwi wa Kikantoni konsonanti na irabu kwa kiasi kizuri, lakini humpa kidatu kwa ufinyu. Ufinyu huo unatokana na upana wa mikondo ya masafa, msambao wa umeme, kina cha elektrodi na ukomo wa kuhisi kasi ya mpigo. Matokeo yake ni kwamba toni zilizoachana kwa mbali hutambulika kwa urahisi zaidi, na zile zilizokaribiana huchanganywa. Hali hii haiondoi thamani ya kifaa. Inachodai ni kwamba mafanikio yapimwe kwa vipengele vinavyobeba maana katika lugha ya mtoto mwenyewe, wazazi waelezwe mapema kifaa kinaleta nini na hakileti nini, na miaka ya mwanzo, ambayo hairudi, itumike kumjengea mtoto lugha kwa kila njia inayomfikia.